Kelele Iliyotufuata Moa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Raskazone hatujambo. Goti la babu yako limetulia, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini mstari wa kelele kwenye kipima mawimbi chako cha redio hauteremki, ingawa umeshakisahihisha. Umenichekesha, maana nilipokuwa fundi wa redio nilijiuliza hayohayo kule kijijini Moa, nilikopelekwa kupima na dereva wa pikipiki. Tulichomoa antena, kelele ikashuka, tukairudisha, ikapanda. Basi kifaa ni kizima, kelele inatoka nje. Lakini wapi? Tukahamia ufukweni, kisha mashambani, nayo ikatufuata kila tulikokwenda!

Akapita bibi mmoja na kuni kichwani. Kila tuliposimama, dereva alikuwa akiiacha pikipiki ingurume, kwa kuwa ilikuwa ngumu kuwaka. Akaizima ili amwamkie kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Kabla hajaitikiwa, mstari ulishaanguka chini kabisa. Kumbe zilikuwa cheche za plagi ya pikipiki, maana kila cheche hurusha mawimbi ya redio. Kelele tulikuja nayo wenyewe.

Hebu niambie, mama, unapopima, simu yako huwa wapi?

Bibi yako,
Mwanaisha