Mama, Waache Wayashushe Mabati

Magarama, Gitega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Ule uvimbe wa wakati wa kupanda maharage umeshuka, au bado unatembea kwa kuegemea ukuta? Sisi huku tunaamka. Neema amepona kikohozi. Baba yake bado anachoma matofali Ryansoro na anarudi mwisho wa wiki.

Barua hii nimempa Mama Teresia wa kwaya, anakuja huko Giteranyi kwenye msiba wa shangazi yake. Sikukueleza kwa simu kwa sababu simu yenu anakaa nayo Daudi, na haya yote nataka uyapate wewe kwanza. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe, polepole, kama walivyokufundisha kambini. Usimpe huyo mdogo wangu akusomee.

Mama, Jumatano watakuja watu na pikapu kushusha mabati kwenye nyumba yako. Si wezi. Nimewaruhusu mimi. Najua umeshika mdomo sasa hivi, lakini nakuomba usome mpaka mwisho.

Unajua nilikopa kwenye ushirika wa akiba wa hapa mtaani ili nikuze biashara ya mawese. Mwanzo nililipa vizuri. Kisha mauzo yakalegea, nikachelewesha rejesho mara mbili. Wakati huohuo mvua ilikuwa inakaribia, na wewe ulikuwa bado unalala chini ya turubai tuliyorudi nayo kutoka Tanzania. Nilikuwa nimeagiza mapipa manne ya mawese kwa mama mmoja wa Rumonge, nimemwahidi kumlipa nikishauza. Nikapiga hesabu kwamba mapipa yale yatalipa kila kitu. Basi nikaenda kwa Bwana Haruna, mwenye duka la mabati hapa Magarama. Nilimweleza habari zako. Nilimlipa mabati manane, kumi na mawili akanikopesha, na mkaenda kuyachukua yote ishirini Muyinga mjini kwa ndugu yake. Hakuniomba hata dhamana.

Siku nne baadaye lori lilipinduka kwenye kona likiwa na mapipa yangu. Dereva alitoka mzima, Mungu asifiwe, lakini watu walichota mafuta kwa sufuria mpaka barabara ikabaki nyekundu. Sikupata hata dumu moja. Nikabaki nadaiwa na ushirika, na mama wa Rumonge, na Haruna.

Ushirika walianza kusema watachukua kibanda changu cha mawese. Ndipo mteja wangu mmoja akaniambia kuna utaratibu: unaandikisha madeni yako yote, wanaokudai wanaitwa pamoja, mnakubaliana kiasi cha kulipa kila mwezi na mnatia sahihi. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa mali yako maadamu unalipa. Anayesimamia pale ushirika ni Madamu Espérance, mama mnene wa sauti ya chini. Nilikwenda na baba Neema. Njiani tuligombana.

"Mabati usiyataje," aliniambia. "Hayako Gitega. Nani ataenda Giteranyi kuhesabu paa la mama yako?"

Tukaingia. Madamu alitukaribisha, akauliza madeni ya zamani, akaandika. Kisha akasema, "Sasa niambie, hii miezi ya karibuni umechukua nini kwa krediti? Taja hata kama ni sukari."

Mama, baba Neema alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona Madamu ananitazama. Nikasema, "Mabati kumi na mawili."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Siku nne kabla lori halijaanguka."

"Na rejesho yetu ilikuwa imeshachelewa?"

"Ndiyo, Madamu."

Aliweka kalamu chini. "Ona, mama. Deni ya zamani haina shida sana, kila mtu anaelewa maisha. Hii ya juzi ndiyo inaleta maswali. Kuna watu wanajaza nyumba vitu kwa krediti, halafu wanakuja hapa kulia. Wenye kukudai wataniuliza kama na we ni mmoja wao. Huyo bwana wa mabati lazima nimwite."

"Na ningenyamaza?"

"Siku ikijulikana, mpango wote unakufa. Na hapa huwezi kurudi tena."

Tulirudi nyumbani na baba Neema. Akavua viatu, akasema, "Umetuuza," akaenda kukaa kwa jirani. Wiki nzima mpaka siku ya kikao sikula vizuri. Kila pikipiki ikisimama nje nilijua ni wao, wamekuja kuchukua kibanda.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Mama wa Rumonge alifika amechoka na safari, akasalimia kila mtu. Haruna alifika wa kwanza, na mimi hakunisalimia.

"Mi sitaki maneno mingi," alisema Haruna, Madamu alipofungua tu kikao. "Bati yangu iko wapi?"

"Iko kwenye nyumba ya mama yangu, Bwana Haruna. Imeshapigiliwa."

"Uliniletea habari ya mama yako analala kwa turubai. Mi na bibi yangu tuliongea hiyo habari tukikula. Kumbe huku ulikuwa umeshashindwa, ukatafuta mjinga wa mwisho!"

Madamu alitaka kumtuliza, akakataa. Alinigeukia kabisa, kiti kikalia.

"Niambie kitu kimoja tu. Siku ile unaingia kwa duka yangu, ulijua huwezi kunilipa?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Mama wa Rumonge aliacha hata kujipepea. Nilitaka kusema hapana upesi, lakini nilifikiria kwanza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimejiuliza hilo swali usiku kucha.

"Nilijua nimechelewa kwa ushirika," nikamwambia. "Hilo sikukwambia, na ulikuwa na haki ya kulijua. Kwamba nimeshindwa, sikujua. Mapipa yangu yalikuwa njiani. Kama ningetaka kukudhulumu, leo usingekuwa kwenye kiti hicho. Ni mimi niliyetaja jina lako."

Alimtazama Madamu. Madamu akaitikia kwa kichwa.

Haruna akakirudisha kiti chake mahali pake. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka, lakini uso haukuwa umefunguka. Alisema hataingia kwenye mpango wa kila mwezi, umri wake haumruhusu kungoja. Mabati manane niliyolipa ni yangu. Kumi na mawili arudishiwe Jumatano, na hapo hana neno tena na mimi. Madamu akamwambia yameshatobolewa, hayatakuwa na bei ileile.

"Tundu ya misumari nitaziba," akasema. "Zingine ni hasara yangu."

Ushirika na mama wa Rumonge walikubali kulipwa kidogokidogo. Tumetia sahihi. Kibanda kimebaki. Lakini Madamu aliniambia mbele ya wote: mabati yasiporudi Jumatano, sahihi zile hazina kazi, na kila mmoja atanidai kivyake. Tena mpaka nimalize, nisikope popote, hata chumvi.

Sasa Daudi. Nilimpigia Ijumaa nikamdokezea kidogo tu, akaniambia atakayepanda juu ya nyumba yenu atashuka kwa panga. Unamjua alivyo. Tulirudi kutoka kambini hatuna hata pa kuweka mkeka, na hiyo ndiyo nyumba ya kwanza aliyoijenga kwa mikono yake. Simlaumu. Lakini wewe anakusikia. Ikibidi kaa nje mlangoni kabla hawajafika, wakaribishe, wape maji. Anayekuja ni yule ndugu yake Haruna wa Muyinga, mnafahamiana.

Manane yanatosha chumba chako cha kulala, nimeshawaeleza ni yapi yabaki. Sebuleni mtarudisha turubai mpaka nitakapoweza kununua mengine, bati moja moja, kwa pesa iliyo mkononi. Natamani nije mwenyewe, lakini nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na rejesho la kwanza.

Baba Neema amerudi kula nyumbani. Jana aliniuliza kama goti lako litavumilia baridi ya sebuleni. Hilo tu, lakini nilifurahi.

Msalimie mchungaji, na Bibi Agnesi jirani anayekuchotea maji, na mke wa Daudi, mwambie nguo za mtoto nazitafuta. Wifi yangu wa Kobero akipita mwambie sijamsahau.

Mama, nisamehe kwa mvua itakayoingia. Mwambie Daudi ngazi aiweke upande wa sebuleni, na aishike yeye mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Konsolata