Moteri Inazimika Ikipata Moto

Jumanne, 5/3/2024. Butembo

Inazimika tena. Dakika makumi mbili inatembea muzuri, sauti safi, kisha inakohoa mara moya na inakufa. Ikipoa, inawaka kama vile hakuna kitu. Wiki tatu niko naifungua na kuifunga.

Jeep hii ya 1961 ilikuwa ya papa. Toka afe, ililala mu garaji yangu miaka kenda. Sasa mama, kule Beni, anasema banaua tena batu mu mashamba karibu na kwake. Nilimuambia apande basi, aje kwangu. Akakataa. Alishaona basi ikichomwa ku barabara, na batu ndani. Pikipiki, na miaka yake makumi saba na mbili — hapana. "Kavuo, kuja kunichukua na mutuka ya papa yako."

Lakini haitembee, mama. Sikumuambia.

Jumatano, 6/3

Nilibadilisha bobini ya kuwashia moteri. Nikaijaribu ku njia ya Beni. Dakika makumi mbili na mbili. Ikazimika.

Nilibakia ndani, mikono ku usukani. Hapa bamama banapita na ndizi, banacheka. Lakini ikizimika mbele, mu pori?

Ijumaa, 8/3

Papa Esdras alikuja. Zamani alitengenezaka mutuka pamoja na papa. Macho yake hayaone tena muzuri, anasikilizaka tu. Akaniambia niache moteri mpaka izimike, kisha nifungue kifuniko cha tanki. Tanki ikavuta hewa — fsss.

"Haipumue," akasema. "Katundu ka kifuniko kanaziba. Esansi haishuke ku moteri."

Nikatoboa kifuniko. Saa moya nzima, haikuzimika. Nililia polepole, asisikie. Akitoka akasema nisifurahi sana: moteri muzee haina shida moya tu.

Jumamosi, 9/3

Mama anapiga simu mara ine. Leo banazika jirani yake, Elsa. Alienda kuvuna maharagi. Mama haliye. Anaongea sawa mutu anasoma barua ya mwingine. Hiyo njo inaniogopesha.

Naenda kesho.

Jumapili, 10/3. Beni

Nilifika. Masaa mbili, bila kuzimika. Mama alipapasa mutuka mbele, vile banapapasaka ngombe. Ana furushi moya, jembe na Biblia. Akauliza kama iko muzuri. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 11/3. Njiani, karibu na Kalunguta

Inazimika. Saa ine na nusu asubui. Nilifungua kifuniko — katundu kako wazi. Basi ni shida ingine. Nilisafisha karibirateri yenye inapeleka esansi ku moteri, nikajaribu kuwasha mpaka batri ikaisha.

Camion moya ya mizigo ilisimama. Dereva, Salomon, alisema tusikawie hapa, masasi ya bunduki inasikika toka asubui. Alikuwa na nafasi moya tu. Nikasema mama apande. Akakataa. Nikamukalipia mama — mara ya kwanza mu maisha yangu.

"Enda, mwana," mama akamuambia Salomon. "Huyu njo alikuja kunitafuta."

Camion ikaenda. Toka pale, hakuna mutu.

Nikamuambia mama nilimudanganya jana, sikujua kama iko muzuri. Akasema alijua, nilijibu mbio sana.

Naandika ku usukani: batri ikiisha, mutuka inawaka tu kwa kusukumwa. Mbele barabara inashuka. Lakini kwanza inapanda kidogo, mita kumi hivi.

Mama anashuka. Anakaza kitenge. Anaenda nyuma ya mutuka, anaweka mikono.

"Tia gia ya pili," anasema, "na ukisikia ninasema sasa, achilia klachi."