Gurudumu la Mbele

Benaco,
S.L.P. 114,
Ngara.
21 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Niragira,

Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, basi marahaba, mwanangu. U hali gani huko ugenini? Kazi ya hospitali inakwendaje, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi tunapumua. Mama yako Francisca ni mzima huko Keza, ingawa maharage hayakumtosha mwaka huu, mvua ilikatika mapema. Mimi mgongo unaniuma ninapoinamia baiskeli za watu, lakini kibanda nafungua kila siku.

Nimechukua karatasi kwa sababu simu imenishinda. Kila ukipiga nakuuliza umekula nini, nakwambia jua ni kali, kisha nasema mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui, mwanangu.

Dada yako Claudia amenionyesha ujumbe uliomwandikia. Umejitoa kwenye mashindano yako ya Novemba, yale ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa siku moja, na baiskeli unatafuta mtu wa kumpa. Umesema magurudumu uliyomtumia Novatus ndiyo yaliyomvunja mgongo. Maneno hayo najua yalikotoka. Mama Novatus aliyasema jikoni, dada yako akisikia, siku tuliyomrudisha mwanetu kutoka hospitali Mwanza akiwa hawezi kusogeza hata kidole cha mguu. Alisema, "Niragira ndiye aliyeniulia mtoto akiwa hai." Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mlangoni, nikanyamaza.

Ulipotuma yale magurudumu mwezi wa tano, uliweka na karatasi ndani ya boksi. Uliandika kwamba ringi zile, pana kama vidole vinne, zinakata hewa vizuri siku iliyotulia, lakini kukiwa na upepo wa ubavuni gurudumu la mbele linashikwa kama bati, kwa hiyo siku hizo Novatus afunge mbele ile ringi yake nyembamba. Uliandika vizuri, hakuna mtu ambaye asingekuelewa.

Novatus hakuiona karatasi hiyo. Niliisoma mimi, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Unataka kujua kwa nini? Nimekuwa fundi baiskeli miaka thelathini na mmoja. Kuziba pancha nilikufundisha mimi, ukiwa huwezi hata kuinua pampu. Nilijiona naelekezwa kazi yangu na mtoto niliyemfuta kamasi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Ile Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Julai upepo ulikuwa mkali, unaujua upepo wetu wa kiangazi, vilima vikiwa vimeungua na hakuna cha kuuzuia. Novatus alikuwa aende mpaka Nyakahura na kurudi, maana mashindano ya Mwanza yalibaki wiki tano. Alitoka asubuhi, na hazikupita dakika ishirini akawa amerudi kibandani, mguu mmoja chini.

"Baba, usukani unanivuta," akaniambia. "Nikiinama tu, upepo unanipokonya. Nirudishie ile nyembamba mbele."

Ile nyembamba ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma yangu, na kuifunga ni kazi ya dakika mbili. Lakini palikuwa na watu watano sita wamesimama, madereva wa malori na vijana wa pikipiki, wanayatazama yale magurudumu meusi na kuuliza yametoka nchi gani. Nilikuwa nimevimba kichwa, Niragira. Nikamjibu kwa sauti wote wasikie, "Utazoea. Kwani huko Mwanza ziwani hakuna upepo?" Watu wakacheka. Naye akacheka, akapanda, akaenda.

Yaliyofuata aliyaona Ndassa, jirani yetu wa pikipiki, aliyekuwa nyuma yake amebeba abiria. Anasema Novatus alikuwa anateremka kilima, ameegemea kulia kuukabili upepo. Likaja lori kutoka mbele. Lilipokuwa sambamba naye likaukinga upepo wote, akayumba kuliendea. Akajirudisha. Lori lilipopita tu, upepo ukarudi kwa mkupuo mmoja, na gurudumu la mbele likageuka lenyewe, kana kwamba kuna mtu amelishika na kulisokota. Akarushwa mtaroni, mgongo ukapiga ukingo wa kalavati. Lori halikumgusa, na dereva nadhani mpaka leo hajui.

Novatus hakumbuki chochote cha siku ile. Anakumbuka alikunywa uji, basi. Kwa hiyo ningeweza kukaa na jambo hili mpaka nife. Nilikaa nalo wiki saba. Namwogesha, namgeuza upande ili asipate vidonda, naye ananiambia, "Asante, baba." Ile asante ndiyo iliyonishinda.

Jumapili ya tarehe saba, tulipotoka kanisani, nilikaa kitandani pake nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitazama dari.

"Hiyo karatasi unayo?" akaniuliza.

Nikamwambia ninayo.

"Isome."

Nikaisoma. Nilipomaliza akasema, "Niragira anajua kwamba sikuiona?"

"Hajui."

"Basi mwandikie. Asifikiri nilimpuuza."

Tangu siku hiyo hanitaki nimguse. Akitaka kugeuzwa anamwita Ndassa, hata kama Ndassa yuko barabarani atamsubiri, huku amekunja uso kwa maumivu na mimi nimesimama hapo mlangoni. Mama yake nilimwambia jioni ile ile. Hakupiga kelele. Alichukua godoro lake akahamia chumba cha mtoto. Chakula ananiwekea mezani, na haniulizi kama nimeshiba. Sikulalamikii, nakueleza tu ili ujue kila kitu kama kilivyo.

Sasa sikia neno la fundi, kama bado unalitaka. Usijitoe. Wewe ni mwepesi, na umesema barabara yenu ya pwani inapigwa na upepo wa ubavuni. Mbele funga ringi nyembamba, bila aibu, hata wenzako wote wakifunga pana. Nyuma unaweza kuweka pana kiasi, maana la nyuma haligeuzi usukani na uzito wako umelikalia. Usihesabu dakika utakazopoteza. Mtu anayeinuka kila upepo ukivuma kwa kuogopa kuanguka amezipoteza zaidi, na mbio za kukimbia bado zinamsubiri. Na mahali palipo wazi baada ya lori, ukuta au msitu, shika usukani kwa mikono miwili kabla hujafika hapo. Haya nayajua sasa. Wewe uliyajua kabla yangu.

Ukiona moyo umekataa kabisa, acha, hakuna atakayekulaumu. Ila usiache kwa kosa ambalo hukulifanya.

Mama yako anakusalimu, anasema umpigie Jumapili akitoka misa. Claudia anakusalimu, na anaomba umsamehe kwa kubeba maneno ya jikoni. Ndassa naye anakusalimu. Novatus anakusalimu sana. Salamu hizo alizitoa kupitia Ndassa.

Mama Novatus nilimwendea asubuhi hii, nikamwambia barua ya Niragira naifunga, je, ana salamu? Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua, nikageuka niondoke. Ndipo akasema, bila kuinua uso, "Mwambie sikujua."

Ni hayo tu aliyosema, nami nimeyaandika kama yalivyo.

Mungu akutangulie barabarani, akurudishe kwetu mzima siku atakayopenda yeye.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye ingawa nilichelewa kusema,

Pancras