Kuku Hana Kosa, Mayai Niliyatoa Mimi

Shangazi Namuria,

Ejok, hujambo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, na tafadhali usitaje jina langu. Mimi ni msichana wa Gredi ya Saba hapa Lodwar, na mwaka huu familia yetu ilianza kufuga kuku, mradi wetu wa kwanza usio wa mbuzi, hata nyanya alipokuja kutoka Kataboi alicheka akasema, "Sasa huyu mtamchunga wapi, juu ya paa?" lakini kesho yake nilimwona akimrushia punje za mahindi.

Baba alimnunua kuku huyo Kakuma kwa Mama Achan, aliyemhakikishia kwamba anajua kuatamia, na kweli alitaga mayai kumi na mawili akayalalia, na kazi yangu likizoni ilikuwa kumwekea maji na chakula. Lakini Shangazi, joto lilikuwa kali, kuku alikaa mdomo wazi akihema, nami nikamwonea huruma, nikafikiri mayai yataiva pale chini yake, basi kila siku saa tano, Mama akiwa sokoni, niliyatoa nikayafukia kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wa maji, mahali tunapoweka mboga zisinyauke, nikayarudisha saa kumi, isipokuwa mawili ambayo aliyabana chini ya bawa akinidonoa kila nilipoyagusa.

Yaliyoanguliwa ni hayo mawili tu. Mengine yote ni viza. Vifaranga wana wiki tatu sasa, ni wazuri sana, na jioni sote tunakaa nje kuwatazama, hata Baba. Ila Mama amesema, "Huyu si mama, ni mgeni wa kula tu. Jumapili anaingia sufuriani," na Baba anasema akirudi Kakuma atamwuliza Mama Achan kwa nini alimdanganya. Nimejaribu kusema mara mbili, nikaishia kuomba chumvi. Nifanye nini?

Mwanafunzi, Lodwar

Shangazi Namuria anajibu hewani:

Mwanangu, nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimecheka tena. Huruma yako ni nzuri, lakini hukuuliza mtu. Yai si sukuma wiki! Linataka joto la mama mchana na usiku. Kuku mwenyewe huinuka dakika chache tu, akala, akanywa, akarudi. Wewe uliyatoa kwa saa tano nzima na kuyafukia kwenye unyevu. Na kwa kule kuhema ndivyo kuku anavyojipoza. Wakati mwingine tandaza gunia juu ya kiota apate kivuli, weka maji karibu naye, na mikono yako ikae mbali.

Sasa angalia: mayai mawili aliyokukatalia ndiyo yaliyoanguliwa. Mama Achan alisema kweli. Jina la mtu mzima linachafuliwa, na kuku anangojea kisu, kwa sababu wewe unaomba chumvi. Hapo sikubembelezi.

Baba yako asisafiri kabla hajajua. Anza na Mama, maneno matatu tu: "Niliyatoa mayai mimi." Usitangulize joto, usitangulize huruma, hayo atayauliza mwenyewe. Atapiga kelele kidogo, na ana haki. Akinyamaza, mwombe amwache kuku awalee watoto wake, maana wa wiki tatu bado wanalihitaji bawa lake. Akishawalea atataga tena, na safari hiyo mtahesabu vifaranga wengi.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini nyumba zenye kuku wa kutoka Kakuma, vifaranga wawili na nyanya wa Kataboi si nyingi hapo Lodwar. Kama redio yenu imewashwa sasa hivi, nadhani Mama ameshaacha kusonga ugali na anakutazama. Geuka, umwambie.