Ekari Mbili na Robo Tatu

Baba,

Shikamoo. Jumamosi tulikwenda Kisesa kugawa shamba kama ulivyoagiza: kati ya ekari nne na robo, Baba mdogo achukue moja na nusu, zinazobaki ziwe za Mama.

Baba mdogo ndiye aliyepiga hesabu, kwa kijiti, chini kwenye udongo. "Nne toa moja, tatu. Nusu toa robo, robo. Shemeji, zako ni tatu na robo." Akachukua kamba aanze kupima upande wa Mama.

Niliona kosa palepale. Ndilo nililofanya darasa la sita, kwenye swali la muuza maziwa mwenye lita sita na robo aliyeuza mbili na nusu. Niliandika zimebaki nne na robo. Ulisema, "Huwezi kutoa nusu kwenye robo, mwanangu. Na usizigeuze ili zikubali." Ukamimina lita nzima ya maziwa yetu kwenye vikombe vinne, ukaongeza kimoja cha ile robo, vikawa vitano. Ukanywa viwili, ukasema hiyo ndiyo nusu. Vikabaki vitatu.

Baba, ningenyamaza tungepata nusu ekari zaidi. Mama alikuwa ameanza kutabasamu, na tangu ututoke hatabasamu sana. Unajua pia ninavyoogopa kusema mbele za watu. Nilihesabu upya kichwani, nikitumaini mimi ndiye niliyekosea.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie: ekari moja kati ya zile nne ikatwe robo nne, pamoja na ile robo ziwe tano. Toa mbili, zinabaki tatu. Kwa Mama ni mbili na robo tatu.

Baba mdogo alicheka. "Kumbe nilikuwa najidhulumu mwenyewe. Huyu shuleni hakwenda kula makande tu."

Mama hakucheka. Tulipofika nyumbani Kirumba alisema, "Nusu ekari ni mpunga mwingi," akaenda kuwasha jiko. Leo ni siku ya tatu, ananijibu kwa kifupi.

Nilidhani ningejisikia vizuri. Bado.

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, kwa hiyo kesho narudi Kisesa kutengeneza majaruba ya mpunga. Nakuahidi hakuna kona ya shamba la Mama itakayolala bila kulimwa. Asipungukiwe chakula kwa sababu ya mdomo wangu.

Pumzika, Baba. Kwaheri.