Kitale na Bungoma, Mtandao Mmoja

Jumatatu, 5 Machi 2007
Nimebadilisha wino wa printa, nimepangusa seva. Kisha Daktari Wafula, mwenye kliniki, akaniita. Anataka tawi la Bungoma lisome faili za wagonjwa zilizo hapa Kitale. Wiki iliyopita mama mmoja alidungwa penisilini kule, na faili yake ya hapa inasema wazi inamdhuru. Aliponea chupuchupu. Daktari alitaka kuita fundi wa Nairobi. Nikasema nitaweza. Mimi, niliyeajiriwa kupokea wagonjwa!

Jumanne, 6 Machi
Nimesoma mpaka macho yakauma. Programu yetu ni ya zamani, haioni seva iliyo nje ya mtandao wake. Basi ni VPN: njia iliyofungwa ndani ya intaneti, iunganishe mitandao ya kliniki hizi mbili kana kwamba kuna kebo moja. Kebo ya kupita Kiminini, Kamukuywa, mpaka Bungoma.

Jumatano, 7 Machi
Bungoma. Saa tano VPN ikashika. Sista Halima, muuguzi wa hapa, akafungua faili ya Kitale, akapiga makofi. Nusu saa baadaye Daktari akapiga simu.
"Nekesa, ati umefanya nini? Huku hakuna kitu inafunguka, na watu wamejaa!"
Nikazima yote. Amenipa mpaka Ijumaa saa sita, la sivyo fundi anakuja. Nimelia chooni.

Alhamisi, 8 Machi
Kitale. Nimeona kosa. Rauta zote mbili, ya hapa na ya Bungoma, zina anwani ileile na zinagawia kompyuta anwani, na sasa ziko mtandao mmoja. Kompyuta za Kitale zilichukua anwani kutoka Bungoma, zikaipoteza seva yao. Kosa langu, lakini nimelipata mwenyewe.

Ijumaa, 9 Machi
Bungoma tena. Nimeipa rauta ya hapa anwani mpya na kuizuia isigawie kompyuta za Kitale. Ya Kitale niliizuia jana. Saa nne nikawasha. Nikangoja simu. Kimya. Ndipo akaletwa mzee wa Webuye, hajitambui; waliomleta wakasema hutibiwa Kitale. Halima akafungua faili yake ya Kitale: kisukari, hudungwa insulini. Akampima sukari, iko chini kabisa. Drip ya glukosi, mzee akafumbua macho.
Daktari alisema tu, "Fundi wa Nairobi wa nini tena?" Najivunia. Naandika bila haya.

Jumapili, 11 Machi
Nimetoka kanisani, nimefua. Mama ameuliza kazi gani iliyonikosesha hamu ya chakula. Nikamwambia nimeunganisha Kitale na Bungoma.
"Si barabara iko?"
Nikacheka, nikamchorea kwenye vumbi. Alipoinuka kwenda jikoni, akauzunguka mchoro asiukanyage.