Mkebe wa Sili za Gari la Sella

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kibera, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, mbele ya Koplo Christine Adhis.

Jina: Jotham Murunga
Umri: Miaka 69
Kazi: Mwalimu mstaafu wa sayansi, shule ya msingi
Makazi: Kambi Muru, Kibera

Watu wengi hukosea mahali pamoja, Koplo. Wakipewa kipande cha mpira laini kinachong'aa husema ni kipya, na wakipewa kigumu chenye nyufa husema ni cha zamani, na hapo wanamaliza kufikiri. Mimi pia nilifanya hivyo jana jioni kwenye kaunta hii. Sijui kama nilikosea. Nimekuja mwenyewe leo, bila kuitwa, kwa sababu nimeambiwa Kavoi, fundi wa lile gari lililoungua jana, anapelekwa kortini kesho asubuhi, na jana nilipoulizwa kama sili, zile pete za mpira zilizo ndani ya mkebe ulioletwa hapa, ni mpya au ni za zamani, nilijibu kwamba zinaonekana mpya. Jibu hilo limeandikwa. Naomba sasa yaandikwe na yale yaliyotangulia.

Ninamfahamu Sella Nalianya tangu alipokuwa mtoto. Marehemu baba yake alikuwa rafiki yangu, na alimwachia gari dogo la Kijerumani la mwaka 1986, jeupe, ambalo limekaa chini ya turubai karibu na nyumba yao kwa miaka sita bila kuwashwa. Sella anauza mboga Silanga. Mwaka huu aliamua kulifufua gari hilo alikodishe kwa maharusi, kwa kuwa watu wa harusi siku hizi wanapenda magari ya kizamani. Alimtafuta fundi wa kufungua injini nzima na kuitengeneza upya, akampata Kavoi, ambaye gereji yake iko Kawangware 46. Gari lilivutwa hadi huko mwezi wa Januari.

Ninyi mnajua desturi ya gereji za wazi. Mwenye gari haliachi gari peke yake. Lazima mtu wake aketi pale, aangalie kinachotoka na kinachoingia. Sella ana kibanda cha kuangalia, na ndugu yake Timothy ana shughuli zake, kwa hiyo nikaombwa mimi. Sella aliniambia, "Baba, wewe kaa tu hapo na gazeti lako. Mtu akiona mwalimu ameketi, mkono wake unakuwa mwepesi kurudisha vitu."

Mnamo tarehe 11 Februari, siku ya Jumanne, nilifika gereji saa mbili asubuhi. Kazi kubwa ya injini ilikuwa imekwisha. Siku hiyo ilikuwa ya nozeli. Nozeli ni vijibomba vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini, na gari hili linazo nne. Kila nozeli huvaa pete mbili nyeusi za mpira, ambazo mafundi huziita sili. Ya juu huzuia petroli isivuje nje, na ya chini huzuia hewa isiingie ndani. Sili zikichakaa, petroli hutoka pasipotakiwa, juu ya injini yenye moto. Ni pete ndogo kuliko pete ya kidole cha mtoto, lakini gari zima linazitegemea.

Kavoi alinisalimu, "Sasa, mwalimu. Songa hapa karibu uone mwenyewe. Kesho usiseme Kavoi amekula spea ya mtu."

Nikasogeza kigoda.

Alichomoa nozeli ya kwanza, akatoa sili zake kwa spoko ya baiskeli aliyoinoa ncha, akaniwekea moja kwenye kiganja. Niliishika. Ilikuwa ngumu kama ganda la mbegu, na ilikuwa na nyufa kama za kisigino wakati wa kiangazi. Nilipoikunja kidogo ilitoa mlio. Kavoi alisema, "Hii imekauka kama mkate ya wiki jana. Gari ikikaa bila petroli, mpira inakufa kiu." Kisha akapangusa mahali pa sili kwa kitambaa safi, akafungua karatasi ya sili mpya ambazo Timothy alizinunua mjini, akaipaka moja oili kidogo, akaivalisha kwa vidole taratibu bila kuisokota. Nilimuuliza kwa nini asisokote. Akanieleza kwamba sili ikisokotwa hukaa kwa hasira, na siku moja hukatika. Niliona pia nozeli ya pili ikifanyiwa vivyo hivyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halimsaidii Kavoi. Saa nne nilivuka barabara kunywa chai. Niliporudi, nozeli mbili zilizobaki zilikuwa tayari zimevalishwa. Sikuziona zikivalishwa. Nilizokuta kwenye meza ni sili za zamani tu, zote, ndani ya kikombe cha bati chenye petroli.

Nilimuuliza za zamani anazioshea nini. Alisema yeye humrudishia kila mteja vyuma vyake vya zamani ili mteja ajue amebadilishiwa kweli, na si heshima kumpa mtu uchafu wa kuchafua mkoba wake. Kwa hiyo huviosha kwanza. Jambo hilo nililipenda. Mafundi wengine huvitupa, na wengine huviuza.

Saa saba mchana Timothy alikuja kuangalia kazi. Kavoi alimwonyesha paipu ya mpira inayoleta petroli mpaka kwenye nozeli, akamwambia, "Kaka, hii paipu pia imechoka. Tukiweka sili mpya na paipu tuache, tumefanya nusu."

Timothy alicheka. "Fundi, wewe ukiona gari ya mtu unaona shamba yako. Kila siku unataka kuvuna. Hiyo paipu iko sawa, funga."

Kavoi aliniangalia mimi. Mimi si mwenye gari, nikarudi kwenye gazeti langu. Akafunga.

Sella alifika saa tisa na mkebe mtupu wa kakao, ule wa bati wenye kifuniko cha kubana. Alisema hataki harufu ya petroli ndani ya kikapu cha mboga. Kavoi alizitoa sili za zamani kwenye kikombe zikiwa bado zimelowa, akazitia ndani ya mkebe, akakandamiza kifuniko kwa kiganja. Kwenye meza ile kulikuwa na mkebe huo mmoja tu. Sella akaenda nao nyumbani.

Jumatano tarehe 12, saa nane mchana, tulikwenda kulichukua gari. Liliwaka mara ya kwanza. Sella alilia kidogo, akajifanya ni vumbi. Timothy aliendesha, Sella akaketi mbele, mimi nyuma. Sella alitaka tupite Silanga kwanza ili wanawake anaouza nao mboga waone gari la baba yake likitembea. Tulipokaribia vibanda vya makaa nilisikia harufu ya petroli, nikasema. Timothy akanijibu, "Mzee, gari la kitambo lina harufu ya kitambo." Haikupita hata dakika moja, moshi ukatoka mbele, na baada ya moshi, moto.

Sote tulitoka. Sella alikimbilia boneti akajaribu kuifungua kwa mikono. Ndivyo alivyoungua. Wanawake wa Silanga walikuja na ndoo za udongo kutoka kwenye mashamba yao, wakaumwagia moto ukazima. Kila kitu cha mpira kilichokuwa juu ya injini kilikuwa kimeungua kikawa jivu: sili, paipu, vyote. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kufungua injini hiyo leo akatuambia ni sili gani zilizokuwamo.

Baada ya Sella kupelekwa kufungwa bendeji mikononi, Timothy alichukua ule mkebe wa kakao nyumbani akauleta hapa, na Kavoi akaletwa kutoka Kawangware. Mimi nilikuja na Timothy. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Timothy aliufungua mkebe kwenye kaunta, na harufu ya petroli ikatupiga usoni sote. Akatoa sili moja akamwonyesha afisa aliyekuwa zamuni.

"Angalia hii, afande. Hii ndiyo ya zamani? Hata mtoto anaona ni mpya. Ametuwekea zile mbaya, hizi mpya alitaka kumuuzia mtu mwingine, akachanganya."

Niliichukua. Ilikuwa laini. Ilikuwa nene, nyeusi, inang'aa, na sikuona ufa hata mmoja. Niliibonyeza ikabonyea na kurudi. Nilizishika nyingine zote moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo. Haikuwa kama ile niliyowekewa kiganjani Jumanne. Nilihisi kama mtu aliyeacha viatu vyake mlangoni akarudi akakuta vinamzidi mguu.

Timothy akaniambia, "Mzee, si uliwekwa pale uangalie? Ulikuwa unaangalia nini, gazeti?"

Nilimtazama Kavoi nikitumaini yeye atakuwa na jibu. Naye alizigeuza sili zile moja moja kwa kidole, akasema, "Mwalimu, hizi ni zile zile. Lakini hata mimi sijui mbona zimenona."

Afisa mmoja alicheka. Kavoi hakucheka. Ndipo nilipoulizwa, nami nikasema zinaonekana mpya. Nilisema nilichokiona. Timothy akaufunika mkebe tena, ukawekwa kabatini, na Kavoi akapelekwa ndani. Alipokuwa akipita aliniambia tu, "Sawa, mwalimu." Ningefurahi kama angenitukana.

Nilipofika nyumbani nilijaribu kuyapanga mambo haya na hayakupangika. Kama Kavoi aliiba sili mpya, kwa nini amrudishie Sella hizo hizo? Kama alichanganya, alichanganya na nini, ilhali mkebe ulikuwa mmoja? Na kama hakuiba wala hakuchanganya, zile nyufa nilizoziona kwa macho yangu zimekwenda wapi? Nilifikiri labda niliona nozeli mbili za kwanza tu nikajazia nyingine kichwani. Nilifikiri labda ni uzee. Kila jibu lilikuwa linavunja jingine.

Leo asubuhi nilikuwa ninatia mafuta ya taa kwenye stovu, na harufu yake ikanikumbusha darasa langu la saba. Mwanafunzi mmoja aliiangusha raba yake ya kufutia ndani ya kopo la mafuta ya taa, ikalala humo. Siku ya pili ilikuwa imevimba, haikuingia tena kwenye kibweta chake, na ilikuwa laini inang'aa kuliko ilivyonunuliwa. Darasa lilifikiri nimebadilisha raba. Tuliiweka dirishani penye jua, na ilipokauka ilirudi kuwa ndogo na chakavu kama zamani. Nilitumia somo hilo miaka mingi baadaye.

Aina nyingi za mpira hunywa petroli namna hiyo, Koplo. Petroli ikiingia, mpira huvimba na nyufa hujifunga. Petroli ikitoka, nyufa hurudi. Kavoi huwapa wateja wengine sili zao za zamani ndani ya kipande cha gazeti, na kwenye gazeti zingekauka njiani. Safari hii zilioshwa, zikafungiwa na petroli yake ndani ya bati linalobana, usiku mzima na mchana wake. Na jana baada ya kufunguliwa, zikafungiwa tena.

Sisemi kwamba najua. Raba ya shule si sili ya gari, na inawezekana mambo hayatakuwa hivyo. Inawezekana Kavoi ametudanganya sote, na mimi ni mzee anayemtetea mtu kwa sababu alimsogezea kigoda. Wala sisemi ni paipu iliyovuja. Nasema tu niliyoyasikia yakisemwa kuhusu paipu, na nani aliyesema. Sella naye amenituma nimwulizie. Ameniambia mikono yake inauma, lakini kinachomuuma zaidi ni kwamba hajui amkasirikie nani.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Hakihitaji mtaalamu wala safari. Mkebe uko kwenye kabati lenu. Kama sili hizo ni mpya, zitabaki jinsi zilivyo, na Kavoi aende kortini. Kama ni za zamani, zitajisema zenyewe kabla jua halijazama.

Nimesema niliyoyaona, na nimesema pia mahali ambapo sikuona. Nimesomewa, nami nakubali kwamba ndivyo nilivyosema.

Sahihi: J. Murunga

MAONI YA AFISA
Maelezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe kwa lugha ya Kiswahili na kumsomea shahidi. Alisahihisha mahali pamoja, palipoandikwa "nilijua," akataka paandikwe "nilifikiri." Mkebe umetolewa kabatini na kufunguliwa mbele yake saa nne na robo asubuhi. Sili zimepangwa juu ya karatasi nyeupe kwenye dirisha la upande wa jua, na dirisha limefungwa kwa kufuli. Shahidi ameomba kuketi kwenye benchi la nje hadi jioni, na nimemruhusu.

Kwa konstebo wa zamu ya mchana: zisiguswe wala kurudishwa mkebeni leo.

Koplo C. Adhis